Kobe amekuwa saizi ya sahani, sasa nimpeleke wapi?

Toleo lililopita nilijibu swali moja dogo tu la kobe wa maji, mtu alitaka kujua kama anakula sukuma wiki, nikasema ndio anakula, nikafunga. Kumbe nimefungua bomba. Nakuru, Kisumu, Ahero, Kakamega, kila mtu ana kobe kwa beseni ama amemuona kwa mtaro. Kwa hivyo leo ukurasa wote ni wa kobe, nyinyi wa ndoa na wa mashamba mtanisamehe, zamu yenu inakuja.

Nilinunulia kijana wangu kobe mdogo wa maji miaka sita iliyopita, alikuwa kama sarafu ya bob ishirini, kijani kizuri na alama nyekundu kando ya macho. Muuzaji aliniambia hakui. Sasa ni saizi ya sahani ya ugali, beseni haimtoshi, maji yananuka baada ya siku mbili, na kijana ameenda bording akaniachia mimi. Nimechoka. Nafikiria nimpeleke ziwani ama kwa bwawa fulani huku Lanet nimwachilie akae huru na wenzake. Ni sawa? (Mama wa Section 58, Nakuru)

Mama, pole na hiyo kazi ya beseni, lakini usimwachilie. Si Lanet, si ziwani, hata kwa ule mtaro wa nyuma ya ploti usithubutu.

Huyo ulie naye anaitwa kobe wa maji wa masikio mekundu. Masikio hana, hiyo ni rangi tu nyuma ya jicho, lakini jina lilishika. Kwao ni Marekani, bonde la mto Mississippi kushuka mpaka kaskazini mashariki ya Meksiko. Na huyo muuzaji wako, eh, hao wauzaji! Kobe wa hakui hakuna. Jike anafika sentimita 25, hata 30, dume anabaki mdogo kidogo, na akitunzwa vizuri ni miaka 20, 30, wengine wanapita hapo. Kijana wako atamaliza shule, ataoa, ataleta wajukuu, na huyo kobe bado atakuwa anakuangalia tu akidai chakula.

Sasa hii shida yako si yako peke yako, ndio maana nakuandikia kirefu. Kati ya 1989 na 1997 Marekani ilisafirisha zaidi ya milioni 52 ya hawa kobe kwenda nchi zingine, wote wakiwa vitoto vya saizi ya ile sarafu yako. Halafu wakakua. Kila mahali hadithi ilikuwa moja, mtoto amechoka nao, beseni inanuka, mama anasema aende akawe huru, na jioni mtu anatembea kwa bwawa la karibu na ndoo. Yaani hakuna mtu mbaya hapo, ni huruma na ndoo tu. Leo wako kwa ile orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani, na wanazaana Uhispania, Italia, Ufaransa, Japani, ukitaja tu. Ulaya ilipiga marufuku kuwaingiza mwaka wa 1997 lakini wakati huo wengi walikuwa washaingia majini.

Unasema akae na wenzake. Mama, wenzake hawako huku. Wako kobe wengine wa maji, wenyeji, na hao hawatamfurahia. Ufaransa watafiti waliwaweka hawa wageni pamoja na kobe wa asili wa huko kwa mabwawa ya majaribio. Kobe lazima atoke kuota jua ndio mwili upate joto chakula kisagike, na wale wageni walikuwa wanachukua zile sehemu nzuri za kuotea, wenyeji wakawa wanakonda na wengi wakafa. Hakukuwa hata na vita kubwa, ni kukaliwa kiti tu.

Na ziwa Nakuru, kwanza hiyo ni mbuga, huwezi ingia na ndoo ukamwaga mnyama. Pili maji yake ni ya magadi, si maji matamu, lakini usifikiri hiyo ndio kinga, kwa sababu mito Njoro, Makalia na Nderit inaingia hapo na maji matamu na kobe ana miguu. Halafu kaunti yenu hiyo ya Nakuru inajua vizuri sana mambo ya kuleta vitu majini. Nenda Naivasha uulize wavuvi kuhusu wale kamba wekundu wenye makucha. Waliletwa 1970, asili yao Louisiana, yaani ni majirani kabisa wa huyo kobe wako, mto mmoja. Waliletwa kwa nia nzuri wafanye biashara, na biashara ikaweko kwa muda, lakini walifyeka mimea ya ndani ya maji, yale mayungiyungi ya zamani yakaisha.

Sasa ufanye nini. Ukiamua kumtoa, anza na ofisi ya KWS, wale wa serikali wa wanyamapori, wako hapo hapo Nakuru, waeleze ukweli tu kwamba una mnyama wa kigeni na huwezi tena, na ujue kuwa kuingiza na kuuza hawa wanyama kunataka kibali kwa hivyo usimuuze kwa jirani kimya kimya. Ukiamua kukaa naye, tafuta lile tangi kuukuu la plastiki la lita 1000, kuna fundi wanazikata katikati zinakuwa kama mtumbwi, hiyo ndio nyumba. Jaza maji ya kuogelea kabisa, si ya kufika magotini, weka matofali mawili na ubao juu apande kuota jua, upande mmoja uwe na kivuli. Ukingo uwe juu sana, hawa wanapanda vizuri kuliko unavyodhani. Chini toboa uweke koki, ukitaka kubadilisha maji unafungua tu, mgongo wako utanishukuru. Hayo maji ni mbolea safi, mwagia migomba. Usimwagie dania ama kitu utakula kibichi, sababu nitaieleza hapo chini kwa mama wa mtoto mchanga.

Mimi nafuga samaki pande za Ahero. Wiki jana nikivuta wavu nikatoa kobe, mweusi wa udongo hivi, ananuka kitu mbaya sana. Jirani yangu amesoma kwa simu akasema hao ndio kobe wa Marekani wamevamia dunia, niue kabla hawajamaliza vifaranga vyangu vya samaki. Sijaua, nimefungia kwa pipa. Nifanye nini? (Mfugaji, Kano)

Ndugu yangu asante kwa kungoja. Fungua hilo pipa. Huyo ni opuk, kobe wa hapa hapa nyumbani.

Hiyo harufu ndio imenipa jibu hata kabla ya picha. Nilikulia karibu na mashamba ya mpunga, na tukivua na minyoo kwenye mifereji, mara moja moja ndoano ilikuwa inashika kobe, unavuta ukidhani umepata kambare mkubwa, kitu kinatoka kimenyamaza kama jiwe, halafu ukikishika tu kinaachilia harufu. Mkono ulikuwa unanuka mpaka kesho yake, sabuni haifui dafu. Mama yangu alikuwa ananinyima kiti mezani. Huyo ni kobe wetu wa mabwawa, Pelomedusa, ana tezi za kutoa hiyo harufu akiogopa. Mwaka wa 2014 wanasayansi walikaa chini na hii jamii wakaona si aina moja kama walivyodhani, ni nyingi, na mmoja waliompa jina jipya wakati huo, neumanni, yuko hapa Kenya. Yaani tulikuwa tunanukishwa na kitu hakijaandikishwa vizuri bado!

Kuna mwingine pia upande wenu wa ziwa Viktoria, Pelusios williamsi, yule chini ya tumbo gamba limekatika lina kiungo kama mlango, akiogopa anafunga mbele kabisa, kichwa na mikono ndani.

Sasa namna ya kutofautisha, na hii uwaambie majirani wote kwa sababu jirani yako ana nia nzuri lakini atamaliza kobe wa watu. Weka kobe juu ya simiti, gusa gamba na kijiti, angalia shingo. Wetu wote hawa wanakunja kichwa pembeni, wanakilaza chini ya ukingo wa gamba kama mtu anaficha uso na bega, jicho moja linabaki linakuangalia. Yule wa Marekani anavuta kichwa moja kwa moja ndani, shingo inapotea kama kamasi ya mtoto. Hii haidanganyi. Rangi inadanganya, kwa sababu masikio mekundu akizeeka, hasa dume, anaweza kuwa mweusi mpaka ile alama nyekundu isionekane, na tope inafanya wote wafanane. Lakini shingo ni shingo. Ukiona michirizi ya manjano kwa shingo na miguu hapo pia shuku.

Kuhusu vifaranga, opuk anakula konokono, wadudu, vyura, na samaki akimpata hasa aliyekufa ama mgonjwa. Atakula wachache sikatai. Lakini kama unapoteza wengi mimi ningeangalia juu kwanza, ndege kama mdiria na fundichuma wanakula zaidi yake na hawalipi. Mrudishe kwa mfereji mbali kidogo na kidimbwi, halafu zungushia wavu mdogo chini, uzike kidogo kwa udongo. Kiangazi usishangae ukimchimbua shambani, maji yakikauka anajizika kwa tope na kungoja mvua.

Kobe wangu wa masikio mekundu ametaga mayai saba kwa balkoni, kwa ule mchanga wa maua wa mamangu. Anaishi peke yake tangu nilipoletewa akiwa mdogo. Yataanguliwa? Niko na miaka 16 na nilikuwa nimemuita jina la kiume. (Kijana wa Nyalenda, Kisumu)

Haha. Badilisha jina basi. Ama mwache nalo, hajali.

Jike anataga hata bila dume, kama kuku wa mayai. Kama tangu utotoni hajawahi kuonana na dume hayo mayai hayana mbegu, tupa. Lakini usikosee kwa wengine, jike aliyewahi kukutana na dume anaweza kuweka mbegu ndani yake muda mrefu akataga mayai mazima bila mume kuonekana, kwa hivyo mtu akichukua kobe mkubwa ambaye hajui alikotoka asipuuze mayai.

Alifanya vizuri kupata mchanga. Jike akikosa mahali pa kuchimba anaweza kushikilia mayai ndani mpaka augue, kwa hivyo mwachie beseni ya mchanga laini wenye unyevu. Ulimuona akichimba? Anatumia miguu ya nyuma peke yake, haangalii hata mara moja, analowesha udongo na maji yake mwenyewe, anachimba kitu kama chupa, mdomo mwembamba chini pana, halafu anafukia na kupiga piga kama fundi wa simiti. Mwaka mmoja anaweza rudia hivyo mara kadhaa.

Na kwa sababu uko na miaka 16 na unaonekana unapenda hivi vitu nikuongezee. Hawa hawaamuliwi jinsia na damu kama sisi, ni joto la udongo. Mayai yakikaa karibu digrii 26 yanatoka madume, yakikaa kama 31 yanatoka majike. Sasa fikiria. Uingereza wako kobe wengi wameachiliwa kwa mabwawa ya mijini na wanaishi miaka, lakini mayai kwa kawaida yanashindwa, kiangazi cha huko ni kifupi na baridi. Ujerumani pia walidhani baridi itawalinda na bado watafiti wakapata vitoto vimeanguliwa kule kusini magharibi, pande za mto Rhine. Huku kwetu Kisumu nani atawazuia? Mchanga wa ufuo wa ziwa mchana unachoma mguu. Hatuna baridi ya kututetea, kwa hivyo kitu pekee kiko katikati ya balkoni yako na ziwa ni wewe kufunga ule mlango.

Nyinyi waandishi mnapenda kutisha watu. Hata samaki mbuta aliletwa na wazungu na leo ndio anatulisha na kusomesha watoto wetu. Kobe mmoja atafanya nini kwa ziwa kubwa hivi? (Mfanyabiashara wa samaki, Kondele)

Swali zuri, na nimefurahi umekuja umekasirika, inaonyesha umesoma.

Kweli mbuta analisha watu, sitabishana na mtu anayebeba samaki saa kumi ya asubuhi. Lakini wewe na mimi tunakumbuka tulivyosimuliwa na wazee kuhusu fulu, wale samaki wadogo wa asili. Mbuta aliingizwa miaka ya 1950, akakaa karibu miaka ishirini na kitu watu wanamuona mmoja mmoja tu, halafu miaka ya 1980 akalipuka, na mamia ya aina za fulu zilizokuwa kwa hili ziwa peke yake zikapotea ama zikabaki kidogo sana. Hapo ndio jibu la kobe mmoja atafanya nini. Hatafanya kitu mwaka huu. Kobe hana haraka. Anaweza kukaa miaka kumi kwa kona moja ya ghuba ya Winam akingoja mtu mwingine wa huruma alete mwenzake kwa ndoo.

Na tofauti ni kwamba mbuta ana bei. Kobe huyu utamuuzia nani kwa kilo? Mimi ningemlinganisha na gugumaji. Hilo nalo asili yake ni Amerika Kusini, likasambazwa dunia nzima kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau, pambo la bustani tu. Likafika ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 80, na 1997 wakaletwa wale fukusi wa kulila, na wewe mwenyewe unajua kuna asubuhi boti za ufuo wa Dunga bado hazitoki. Pambo la nyumba likishaingia majini linakuwa kitu kingine.

Kutisha watu sipendi. Hata Japani hawakutisha. Juni 2023 walipiga marufuku kuuza hawa kobe na kuwaachilia, lakini wenye nao wakaruhusiwa kuendelea kuwafuga bila kusumbuliwa, kwa sababu waliona wakisema ni kosa kuwa naye, usiku huo huo watu watamwaga wote mtoni. Hapo niliwavulia kofia.

Niko na mtoto wa miezi minane anatambaa, na mume wangu analeta kobe kama zawadi ya yule mtoto mkubwa. Kuna ubaya? (Mama wa wawili, Kakamega)

Dada, mwambie mumeo alete kitabu cha picha.

Kobe anaweza kubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, na aonekane mzima kabisa, iko kwa ngozi, kwa gamba, kwa maji. Marekani kwenyewe walikataza tangu 1975 kuuza wale wadogo wasiofika kama sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wanawatia mdomoni, wanatoshea vizuri sana. Mtoto wa kutambaa hahitaji hata kumgusa, atagusa sakafu alipopita. Kama tayari ameingia nyumbani basi asikae jikoni, beseni yake isioshwe kwa sinki ya vyombo, kila aliyemshika anawe na sabuni, na watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike kabisa.

Dume na jike nitawajuaje? (Msomaji, Milimani, Kisumu)

Makucha ya mbele. Dume anayo marefu kama mtu wa saluni, na akimtaka jike anaogelea mbele yake uso kwa uso akiyatetemesha mashavuni mwake. Ukiona hivyo kwa tangi lako watenganishe.

Mimi naishi karibu na mto Yala. Kuna kobe anapanda juu ya gogo kila saa nne asubuhi, nikikaribia anaruka majini. Nimekutumia picha tatu. Ni mgeni ama ni wetu? (Mwalimu mstaafu)

Mzee wangu shikamoo. Picha nimezipata. Ya kwanza ni gogo. Ya pili ni gogo na mawimbi. Ya tatu namuona mgongo, na kidole chako. Usimkimbilie tena, kaa mbali ukuze picha na simu, ama uombe mmoja wa wajukuu alale kifudifudi ukingoni kabla ya saa nne hajapanda. Nataka kichwa na shingo kutoka upande, na kama kuna michirizi ya manjano ionekane. Ukipata hiyo nitumie siku hiyo hiyo, nitakuwa nangoja.